Bakuli la mama mdogo liko Lubumbashi

Najua nimepotea. Nilikuwa BTP, na mnaoijua BTP mnajua mtu anarudi kakonda na madeni juu. Ila mimi safari hii nilipangwa nyumbani Tunduma, sekondari moja ya kata, nikala na kulala bure kwa mama mdogo, kwa hiyo kuna vijisenti vilibaki. Msije kukopa, vimeshakata.

Leo naongelea vifungashio. Msicheke kwanza. Mhadhiri wetu wa Jiografia katupa asaimenti ya kundi: tujadili mabadiliko ya kuelekea vifungashio rafiki kwa mazingira hapa Tanzania. Kundi letu lina watu saba, wanaofanya kazi ni watatu (kama kawaida), na tayari tumeshagombana. Mwenyekiti wa kundi, mshkaji mmoja wa Kigamboni, kaandika utangulizi wake kwamba zamani wananchi walikuwa hawajui, wakachafua mazingira, serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, sasa nchi ni safi. Nukta. Nilipousoma nikakaa kimya kama dakika mbili hivi, maana nilimwona mama mdogo ameshika mwiko ananiangalia.

Tuanze na lile katazo ili twende sawa. Aprili 2019 Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni tarehe 31 Mei, na kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ni kosa. Hata watoto wa chekechea waliimbishwa. Kanuni zikatoka na adhabu zake: ukikutwa nao unautumia, faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au siku zisizozidi saba ndani, ukiuza, 100,000 mpaka 500,000 au miezi isiyozidi mitatu, mwenye kiwanda au anayeingiza kutoka nje, milioni 20 mpaka bilioni moja. Hatukuwa wa kwanza. Zanzibar walianza 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Na Bara yenyewe ilishajaribu tangu 2006 kuzuia ile myembamba, ikashindikana, rambo likaendelea kutamba. (Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, rambo ni mfuko, sio muvi. Jina lilitokana na picha ya yule jamaa wa muvi iliyochapwa kwenye mifuko ya zamani.)

Mimi mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, na shughuli za mama mdogo nilikuwa nazijua ndani nje kwa sababu ndiye aliyekuwa ananisomesha. Anauza chakula kwa madereva.

Kwa wasioijua Tunduma: ni pale ambapo barabara kuu inayotoka Dar inaishia upande wetu, ukivuka unaingia Nakonde, Zambia, na mzigo unaendelea Lusaka au unakata kwenda Lubumbashi na Kolwezi. Mkoa wa Songwe ni mtoto bado, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini foleni ya malori pale Tunduma ni ya zamani kuliko mkoa wenyewe. Oktoba 2019 marais Magufuli na Edgar Lungu walikuja kufungua kituo cha pamoja cha forodha ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na kweli mambo yalisogea. Ila zipo siku bado. Nikiwa BTP niliona kwa macho yangu malori yamejipanga kurudi nyuma kuelekea Mpemba, dereva kavaa kandambili anapiga mswaki pembeni ya tairi kama yuko uani kwake.

Dereva wa foleni hawezi kuliacha gari. Foleni ikisogea mita hamsini na wewe haupo, umetafuta ugomvi na watu wa nyuma yako wote. Kwa hiyo chakula kinamfuata. Kabla ya Juni 2019 kilimfuata ndani ya nailoni: wali unamwagwa kwenye kimfuko laini, maharage kwenye kingine, unapiga fundo, vyote ndani ya rambo, mtoto (yaani mimi) anakimbia navyo. Nailoni ilikuwa rahisi kiasi kwamba mama mdogo hakuwahi hata kuipigia hesabu. Ilikuwa kama chumvi.

Kisha ikafika tarehe moja.

Mnaokumbuka mjini mlipata mifuko mbadala, mkalalamika wiki mbili, mkazoea. Mama lishe yeye alibaki na swali moja gumu: maharage yana mchuzi, karatasi haishiki mchuzi. Akaanza na vile visahani vya foili vyenye mfuniko wa karatasi. Kimoja alikuwa anapata kwa shilingi 300 na sahani yenyewe alikuwa anauza 1,500. Ukitoa mchele, mkaa, mafuta na maji ya kununua, ile 300 ndiyo ilikuwa faida. Akapandisha bei, madereva wakahamia kwa jirani aliyekuwa anatumia yale maboksi meupe ya povu. Na yale maboksi, wadau, ni plastiki iliyopulizwa hewa! Katazo halikuyagusa, lilihusu mifuko ya kubebea. Sasa niambieni, mto na mtaro vinajua tofauti ya mfuko na boksi?

Ndipo akabuni mambo yake. Akanunua bakuli za plastiki ngumu zenye mifuniko, dazeni moja, rangi ya bluu. Dereva akitaka chakula anaacha shilingi elfu moja ya bakuli juu ya bei ya chakula. Akirudisha bakuli, anarudishiwa elfu yake. Kazi yangu ikawa kushika daftari: namba ya gari, rangi ya kichwa, bakuli ngapi. Nadhani ndiyo kazi yangu ya kwanza ya utafiti, na ilikuwa na ukweli kuliko kile tunachoandika sasa.

Shida ilikuwa foleni. Foleni haina adabu. Inalala siku nzima halafu saa nane usiku inafunguka, injini zinawashwa, asubuhi unakuta barabara tupu na bakuli zako zimeenda nje ya nchi bila pasipoti. Mwezi wa kwanza, kati ya bakuli kumi na mbili zilibaki saba. Elfu moja anayo, ndiyo, lakini bakuli jipya dukani ni zaidi ya elfu. Akawa anajiliwaza: "Bakuli langu liko Lubumbashi, linanisalimia."

Wiki kama tatu baadaye akaja dereva mmoja Mkongo, Kiswahili chake kile cha Katanga, kashika bakuli la bluu mkononi. Ndani limejaa karanga. "Mama, hii ni yako. Njugu ni zawadi. Elfu moja yangu nipe." Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Akampa elfu yake na sahani ya bure. Mpaka leo jamaa akipita lazima apige honi.

Sasa hili ndilo ninalolipigania kwenye kundi. Mama mdogo hakuwa amebuni kitu kipya. Aliiga soda. Wote tumekua tunatumwa dukani na chupa tupu mkononi. Huna chupa, kunywea hapahapa au acha hela ya chupa. Kreti inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa tena. Bia mpaka leo inaenda hivyo. Hakuna aliyetuimbisha wimbo wa mazingira, na wala mtaani hukuona chupa za soda zimezagaa, kwa sababu chupa ilikuwa hela. Halafu taratibu, wakati sisi tunapambana na rambo, soda ikahamia kwenye chupa ya plastiki ya kunywa na kutupa, na hakuna aliyesema kitu. Tumefukuza mfuko kwa mlango wa mbele, chupa ikaingia kwa dirishani. Pembeni ya barabara ya Tunduma sasa hivi utaona chupa za maji na za soda, na zile zenye rangi ya kienyeji ambazo madereva wanajisaidia humo (samahanini mnaokula).

Nisiwe mnafiki lakini. Katazo limefanya kazi, na anayebisha hakuishi mtaa wetu kabla ya 2019. Mtaro wa nyuma ya nyumba ya mama mdogo zamani mvua za Desemba zikianza ulikuwa unatapika mifuko mpaka mlangoni, tunatoa kwa reki. Miti ilikuwa imeota rambo nyeusi, mbuzi wanazitafuna. Hiyo imeisha. Na imeisha haraka, ndani ya miezi michache, kitu ambacho tuliambiwa kwa miaka kumi na tatu kwamba hakiwezekani. Kwa hiyo Mwenyekiti wangu ana haki nusu. Nusu ile nyingine ndiyo tunayogombania.

Turudi darasani. Nafundisha kidato cha pili, mada ya mazingira, nimejipanga na mfuko mbadala mmoja na kipande cha rambo la zamani kama zana za kufundishia (mkaguzi angekuja ningepata alama nzuri, hakuja). Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mfuko ukitoka Nakonde unakuwa kosa ukifika wapi? Kwenye geti au kwenye mtaro?"

Darasa zima likaangua kicheko, maana wote wanapajua. Pale mpaka ni suala la hatua. Watu wana ndugu huku na huku, Wanyamwanga wako pande zote mbili, unaweza kwenda kununua sukari ng'ambo ukarudi chai haijachemka. Na ng'ambo sheria ni nyingine. Zambia kwa kanuni zao za mwaka 2018 walizuia mifuko yenye unene chini ya maikroni 30. Minene zaidi ya hapo ikabaki halali. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya fotokopi huwa karibu maikroni 100, kwa hiyo 30 ni kama theluthi ya unene wa karatasi. Nenda kapime hiyo kwa macho, umesimama juani, watu wamebeba mafurushi. Sisi hatukuweka unene, tulisema hapana kwa yote ya kubebea, na nadhani hapo tulikuwa na akili, maana sheria ya maikroni inahitaji kifaa na sheria ya hapana inahitaji macho tu.

Halafu kuna upande wa tatu ambao watu wanausahau. Wilaya ya Ileje, mkoa huohuo wa Songwe, inapakana na Malawi. Ukipita Isongole uko kwao. Malawi walizuia mifuko ya chini ya maikroni 60 mwaka 2015, wenye viwanda wakakimbilia mahakamani, kesi zikavutana kwa miaka. Mkoa mmoja, mfuko mmoja, sheria tatu. Nilimjibu yule binti kwamba kosa linaanza pale unapoingia ardhi ya Tanzania. Akaniuliza, "Sasa shangazi akinipa zawadi kwenye mfuko, nimwage zawadi?" Kengele ikaniokoa.

Na mpaka huu haukuanza mchezo huo na mifuko. Pombe ya viroba mnaikumbuka? Zambia walipiga marufuku ya kwao, waliyoiita tujilijili, mwaka 2012. Sisi tukapiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Miaka mitano hiyo kilichokuwa haramu kule kilikuwa halali huku, kwenye mji ambao ni mmoja kwa macho ya mtu wa kawaida. 2019 ikawa kinyume chake, sisi ndio wakali. Hivi EAC na SADC wakikaa vikao vyao hoteli kubwa kubwa, hakuna anayeleta ramani ya Tunduma?

Jambo lingine ambalo Mwenyekiti hataki liwemo (anasema "litatuharibia maksi"): mfuko mbadala wenyewe ni nini? Ule wa rangirangi unaofanana na kitambaa. Sio kitambaa. Ni polipropilini, nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa kwa joto. Tofauti ni kwamba ni mzito, unatumika mara nyingi, na unaweza kurejelezwa. Ndiyo maana TBS waliweka kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Ukishuka chini ya hapo unapata kile kitu kinachochanika kabla hujafika stendi, viazi vinatangulia. Mama mdogo hana mizani ya gramu, anaubana kwa vidole viwili anasema "huu ni utani" anaurudisha. Halafu ikaja ile mirija angavu ya kufungia karanga na ubuyu, watu wakaigeuza kuwa mifuko ya kubebea, mpaka 2021 serikali ikabidi itoe tangazo jingine kwamba kifungashio ni kifungashio, mfuko ni mfuko. Mtanzania hashindwi.

Nilikuta mahali uchunguzi wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotoka 2011. Walipiga hesabu ya hewa chafu inayotokana na kutengeneza na kusafirisha kila aina ya mfuko, wakalinganisha na rambo jepesi linalotumika mara moja. Mfuko wa karatasi unatakiwa utumike mara 3 ndipo ulingane nalo. Huu wetu wa polipropilini, mara 11. Wa kitambaa cha pamba, mara 131! Hesabu yao ilikuwa ya hewa, haikuwa ya mbuzi wala mtaro, kwa hiyo msikimbilie kusema bora rambo. Ila jiulize ile mifuko ya pamba ya makongamano tunayopewa kila semina, umeitumia mara ngapi? Mimi yangu ina nguo chafu. Bibi yangu wa Ileje ana kikapu cha ukindu kilichonikuta duniani, na kuku mgonjwa amesafirishwa humo, na ndizi, na Biblia. Yeye nadhani ameshamaliza hesabu ya Waingereza.

Na karatasi? Karatasi tunayo, Mgololo kule Mufindi wanatengeneza karatasi ngumu za kahawia. Lakini karatasi inayofungia chakula Tunduma haitoki Mgololo. Inatoka shuleni. Siku ya tatu ya BTP nilinunua maandazi manne getini, nikafungua, nikakuta nimefungiwa mtihani wa Jiografia wa mtu. Jina, kidato, na 23% kwa wino mwekundu, mafuta ya andazi yamepita katikati ya swali la mmomonyoko wa udongo. Madaftari na mitihani ya zamani inauzwa kwa kilo, mama wa karanga anakunja pembe, kazi imekwisha. Ukiangalia kwa jicho la mazingira ni kifungashio bora kuliko vyote: kimetumika mara mbili, kinaoza, hakijasafirishwa kutoka China. Ukiangalia kwa jicho la mwalimu, kuna mtoto mtaa mzima unajua alipata 23. Na wino ule na mafuta ya moto sidhani kama ni marafiki wa tumbo. Nilimuuliza muuzaji kama hataki karatasi nyeupe tupu. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, tupu utaninunulia wewe?"

Kwenye mahindi nako kuna mambo, nayataja haraka. Mbozi watu wanahifadhi mahindi kwenye magunia yenye nailoni mbili ndani, yanafungwa hewa isiingie, dumuzi (wengine wanamwita skania) anakufa kwa kukosa pumzi bila dawa ya unga. Hiyo ni plastiki tupu, na inaokoa chakula cha mwaka. Wakati kahawa ya hukohuko Mbozi ukiifungia hewa hivyo ikiwa na unyevu itaoza, inataka gunia linalopumua. Kwa hiyo mtu akiniambia "plastiki mbaya, asili nzuri" namwomba aje Mlowo msimu wa mavuno tuongee vizuri.

Basi jana usiku tumekaa kikao cha kundi kantini mpaka wakatufukuza. Nimekubaliwa nusu ukurasa. Nusu! Nimeweka soda ya chupa, nimeweka mpaka wa Nakonde, bakuli la bluu Mwenyekiti kalifuta kwa sababu "halina rejea". Nikampigia simu mama mdogo kumwambia kwamba chuo kimekataa bakuli lake. Akaniuliza kama huyo kijana amewahi kulishwa na mtu.

Halafu akanipa habari mpya: siku hizi elfu moja kaipandisha iwe elfu mbili, na wenye bakuli zao wenyewe anawaongezea kijiko cha maharage. Nusu ya foleni sasa inakuja na masufuria. Bakuli zake zimebaki tisa, mbili ziko safarini, moja hajui.

Prezentesheni ni Alhamisi saa nne, ukumbi mdogo. Atakayeuliza swali la bakuli namnunulia soda, ya chupa, na tutakunywea hapohapo.